Lishe ya ziada kiangazi: wanaoanza kula ni bakteria, ng'ombe na kondoo hufuata

Mfugaji akiona mbavu za ng'ombe zimeanza kuhesabika katikati ya kiangazi, jambo la kwanza huwa ni kununua pumba. Kwa mnyama ambaye bado ana nyasi kavu za kutosha mbele yake, mara nyingi pumba hizo hazimsaidii kama inavyotarajiwa. Hajakosa chakula. Chakula alichokula ndicho kimekwama tumboni, hakimeng'enywi kwa kasi inayotakiwa, na kwa hiyo hana nafasi ya kula kingine.

Ndiyo maana mpangilio wa lishe ya kiangazi ni protini kwanza, nishati baadaye, na madini yakienda sambamba. Anayegeuza mpangilio huo hulisha kingi akapata kidogo.

Ng'ombe na kondoo hawana uwezo wa kumeng'enya nyasi wenyewe. Kazi hiyo hufanywa na bakteria na vijidudu wengine wanaoishi kwenye rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza. Vijidudu hao wanahitaji naitrojeni ili wazaliane, na naitrojeni hiyo huipata kwenye protini ya malisho. Nyasi changa za masika zinaweza kuwa na protini asilimia 12 au zaidi. Zikishatoa mbegu na kukauka zikiwa zimesimama, hushuka hadi asilimia 3, 4 au 5. Mpaka unaojulikana ni kama asilimia 7 ya uzito mkavu. Chini ya hapo bakteria hupungua, nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu kuliko kawaida, na mnyama hula kidogo kwa sababu amejaa. Anakonda huku tumbo limejaa.

Mwongezee naitrojeni kidogo tu na tumbo hufunguka. Atakula nyasi zilezile kavu kwa wingi zaidi na kupata nguvu nyingi zaidi kutoka kwa kila kilo. Hapo ndipo faida kubwa ya lishe ya ziada ilipo: gramu mia chache za protini zinakuwezesha kutumia kilo kadhaa za nyasi ambazo tayari unazo.

Lakini nyasi lazima ziwepo. Kama uwanda umebaki udongo mtupu, protini peke yake haina cha kufungua, na urea (naitrojeni ya kiwandani, tutaiona hapa chini) kwa mnyama mwenye njaa ni hatari ya kifo. Kwenye hali hiyo unahitaji mabua, hei, majani ya miti, au kupunguza idadi ya mifugo mapema. Na kumbuka kwamba mnyama aliyepewa protini hula zaidi, kwa hiyo nyasi zitaisha mapema kuliko ulivyozoea. Ng'ombe 20 wanaokula kilo 7 za nyasi kavu kila mmoja kwa siku 120 wanahitaji karibu tani 17. Piga hesabu hiyo mwanzoni mwa kiangazi, wakati bado una nafasi ya kuuza wanyama wakiwa na mwili.

Kinyesi kinasema kabla ya mbavu

Usisubiri mbavu. Ng'ombe anayepata protini ya kutosha hutoa kinyesi kinachoanguka na kutandaa, chenye kishimo kidogo katikati. Protini ikipungua, kinyesi husimama: kinakuwa kigumu, kimepangana pete juu ya pete, na ukikivunja kwa kijiti unaona vipande virefu vya nyasi ambavyo havijasagika vizuri. Kwa kondoo, vidonge huwa vikavu, vidogo na vigumu kupondeka. Baada ya wiki moja hadi mbili za lishe sahihi kinyesi cha ng'ombe hulainika tena. Kisipobadilika, ama kiasi ni kidogo, ama wanyama wale uliowachunguza hawafikii hori.

Kinyesi chepesi cha kijivu chenye mapovu na punje za nafaka ni habari nyingine kabisa: nafaka imezidi na tumbo limeingia tindikali.

Hesabu ya protini

Chukua ng'ombe wa kilo 300 asiyenyonyesha. Anakula nyasi kavu karibu asilimia 2 ya uzito wake, yaani kilo 6. Kama nyasi hizo zina protini asilimia 4, anapata gramu 240. Ili afike asilimia 7 anahitaji gramu 420. Pengo ni gramu 180. Mashudu, yaani mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, yenye protini asilimia 30 yataziba pengo hilo kwa gramu 600 kwa siku. Kondoo wa kilo 40 anayekula kilo 1 ya nyasi hizohizo ana pengo la gramu 30, sawa na gramu 100 za mashudu.

Hicho ni kiasi cha kumshikilia mnyama asipungue. Jike anayenyonyesha anahitaji zaidi, na mashudu kilo 1 hadi 1.5 kwa ng'ombe wa maziwa kidogo si kupita kiasi. Anayetaka maziwa mengi atalisha kwa hesabu ya maziwa, na hiyo ni mada yake.

Mashudu ya pamba, alizeti, ufuta na soya yanatofautiana sana. Mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa pamoja na maganda yanaweza kuwa na protini asilimia 20 tu, yale yaliyoondolewa maganda yanaweza kukaribia 35 au kupita. Soma lebo kama ipo. Kama haipo, angalia wingi wa maganda meusi na ukadirie chini. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba, ambayo ng'ombe mkubwa huihimili kwa kiasi cha kawaida, lakini ndama na wanakondoo ambao rumeni yao haijakomaa hawaihimili. Usiwape. Na mashudu yaliyoota ukungu, hasa ya karanga na pamba, yana hatari ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Gunia lililoloa na kunuka uvundo ni la kutupa, si la kuchanganya na zuri ili lipungue makali.

Mashudu yana sifa moja inayookoa kazi: si lazima yalishwe kila siku. Mnyama anayecheua hurudisha naitrojeni kwenye rumeni kupitia mate na damu, kwa hiyo ng'ombe anayestahili gramu 600 kwa siku anaweza kupewa kilo 1.4 mara tatu kwa wiki na matokeo yakawa karibu sawa. Kwa mfugaji ambaye malisho yako mbali na boma, huo ni unafuu mkubwa. Usijaribu mtindo huo kwa urea wala kwa nafaka. Urea ya siku mbili ikiliwa kwa wakati mmoja inaua, na nafaka ya siku mbili huchachua tumbo.

Miti ya mikunde nayo ni mashudu ya shambani. Majani ya lusina, kaliandra na gliricidia yana protini ya karibu asilimia 20 hadi 25 yakiwa makavu. Lusina ina sumu iitwayo mimosini, hivyo iwe chini ya theluthi moja ya chakula chote, ama sivyo kondoo huanza kunyonyoka manyoya. Gliricidia mbichi ina harufu ambayo wanyama wengi huikataa mwanzoni. Ianike nusu siku inyauke, wataila. Maganda ya migunga ni chakula kizuri pia, lakini yaponde au yasage, kwa sababu mbegu ngumu hupita nzima hadi kwenye kinyesi na protini iliyo ndani yake ikapotea.

Urea: gramu chache zinajenga, kiganja kinaua

Urea si protini. Ni naitrojeni, asilimia 46, ambayo bakteria wa rumeni huigeuza kuwa protini yao. Gramu 40 za urea zina naitrojeni inayolingana na gramu 115 za protini. Kwa hiyo yule ng'ombe wa pengo la gramu 180 anaweza kupewa gramu 40 za urea pamoja na gramu 220 za mashudu, badala ya mashudu gramu 600. Hiyo ndiyo sababu ya watu kuipenda, na ni sababu ya kweli.

Ikiingia tumboni, urea hugeuka amonia haraka. Bakteria wakiwa na nguvu na nyuzinyuzi za kufanyia kazi, huitumia. Ikiwa nyingi kupita uwezo wao, amonia huingia kwenye damu, ini hushindwa kuisafisha, na mnyama hufa kwa sumu ndani ya saa chache. Kwa mnyama asiyezoea, gramu 0.3 hadi 0.5 kwa kila kilo ya uzito zikiliwa kwa mkupuo zinatosha kuleta sumu. Kwa kondoo wa kilo 40 hizo ni gramu 12 hadi 20: kijiko kimoja cha mezani kilichojaa.

Kanuni ninazozishikilia bila kujadiliana ni hizi. Urea isizidi asilimia 1 ya chakula chote kikavu cha siku, na isizidi theluthi moja ya naitrojeni yote anayokula. Ng'ombe mkubwa aliyezoea hubaki salama kwenye gramu 30 hadi 50 kwa siku, kondoo mkubwa gramu 5 hadi 8. Anzisha polepole kwa wiki tatu. Akiikosa kwa siku kadhaa, mazoea yamepotea, unaanza upya. Ndama na wanakondoo walio chini ya miezi minne hadi sita wasiiguse. Punda, farasi na nguruwe hawana faida nayo na inaweza kuwadhuru. Usiichanganye na soya mbichi, kwa sababu soya mbichi ina kimeng'enya kinachoipasua urea kuwa amonia hata kabla ya kuliwa. Tumia urea iliyotengenezwa kwa ajili ya mifugo. Ya mbolea wakati mwingine hupakwa kemikali nyingine. Na ipepete: bonge moja lililojificha kwenye mchanganyiko ni dozi ya kuua kwa atakayelilamba.

Ajali nyingi hutokana na maji. Mvua ya ghafla ya kiangazi huingia kwenye hori, urea huyeyuka, maji husimama juu ya mchanganyiko, na ng'ombe wa kwanza kupita hunywa. Toboa matundu chini ya hori, liinamishe kidogo, liezeke, na baada ya mvua yoyote mwaga kilicholoa mahali ambapo hakuna mnyama anayefika.

Dalili hujitokeza dakika 20 hadi saa 2 baada ya kula: misuli kutetemeka, hasa masikioni na usoni, mate na mapovu mdomoni, kupumua kwa kasi, tumbo kujaa gesi, kuyumba, kupiga kelele za maumivu, kisha kuanguka. Dawa ya haraka ni siki ya kawaida yenye tindikali asilimia 5: lita 2 hadi 6 kwa ng'ombe mkubwa, nusu lita hadi lita 1 kwa kondoo, pamoja na maji baridi mengi, hata lita 20 hadi 30 kwa ng'ombe. Siki hushusha ukali wa amonia tumboni isipenye kwenye damu, maji baridi hupunguza kasi ya urea kupasuka. Mpira wa kupitishia tumboni ni salama zaidi kuliko chupa, maana mnyama anayetetemeka hupaliwa kirahisi. Dalili zikirudi baada ya nusu saa, rudia. Siki iwepo bomani kabla hujafungua mfuko wa urea. Mwite daktari wa mifugo, lakini usimsubiri ndipo uanze.

Mchanganyiko wa kulamba

Kwa ng'ombe na kondoo waliozoea, mchanganyiko huu wa kilo 100 unafanya kazi vizuri juu ya nyasi kavu: chumvi kilo 45, mashudu 20, dikalsiamu fosfeti (DCP, madini ya kalsiamu na fosforasi) 13, pumba 10, urea 10 na salfeti ya amonia kilo 2. Salfeti ya amonia inaleta salfa, ambayo bakteria wanaihitaji kutengeneza protini. Uwiano unaotumika ni sehemu 5 za urea kwa sehemu 1 ya salfeti hiyo. Wengi huisahau, kisha hushangaa urea haijaleta mabadiliko. Usiizidishe lakini, kwa sababu salfa nyingi, hasa pale ambapo maji ya kunywa nayo yana salfeti, huharibu ubongo: mnyama huwa kipofu na kusukuma kichwa ukutani.

Wiki ya kwanza weka urea kilo 3 tu, ya pili kilo 6, ya tatu kilo 10. Punguzo hilo lijazie kwa chumvi. Changanya urea na pumba kwanza mpaka isionekane punje yake peke yake, kisha ongeza vingine, na geuza kwa koleo angalau mara nne, toka lundo moja kwenda jingine. Ng'ombe alengwe gramu 300 hadi 400 kwa siku, kondoo gramu 60 hadi 80.

Utajuaje wanalamba kiasi gani? Pima uzito unaoweka, pima unaobaki baada ya siku saba, gawanya tofauti kwa idadi ya wanyama, kisha kwa saba. Wakipita lengo, ongeza chumvi au lisogeze hori mbali na maji. Wasipofikia, ongeza pumba au mashudu kidogo, au lisogeze karibu na maji. Chumvi ndiyo breki ya mchanganyiko huu, na breki hiyo hufanya kazi tu mahali ambapo maji yapo muda wote. Ng'ombe wasiolamba chumvi miezi mingi wapewe chumvi tupu siku tatu nne kabla, vinginevyo watavamia hori kwa uchu wa chumvi na kumeza urea ya siku nzima kwa dakika kumi.

Tofali la molasi (masalia mazito ya sukari ya miwa) linapunguza hatari hiyo kwa sababu ulimi hauwezi kulichukua haraka. Kwa kilo 100: molasi kilo 40, pumba 30, urea 10, saruji 10, chumvi 5, DCP kilo 5. Molasi iwe nzito, isiongezwe maji. Koroga urea na chumvi ndani ya molasi mpaka iyeyuke, weka DCP, kisha saruji iliyokwisha kulowekwa kwa maji kama lita 4, na pumba mwisho. Shindilia kwenye ndoo au fremu ya mbao iliyotandazwa nailoni, toa siku inayofuata, acha likauke kivulini siku kadhaa. Bonyeza kwa kidole gumba: kidole kikizama, bado. Tofali laini ni hatari kuliko kutokuwa na tofali, kwa maana wanyama huling'ata vipande badala ya kulilamba. Kwa kawaida likiwa laini ni molasi iliyotiwa maji, saruji ya zamani, au pumba kidogo. Ng'ombe atalamba karibu gramu 400 hadi 500 kwa siku, kondoo 60 hadi 80. Mwekee akiwa ameshakula nyasi, si asubuhi akiwa na njaa.

Mabua na majani makavu yaliyovunwa

Mabua ya mpunga, ngano au mahindi yanaweza kupandishwa daraja kwa urea kabla ya kulishwa. Kwa kila kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, yeyusha urea kilo 4 hadi 5 kwenye maji lita 40 hadi 50. Tandaza mabua kwa tabaka, nyunyiza sawasawa kwa keni ya bustani, kanyaga hewa itoke, rudia, kisha funika kwa turubai la nailoni na uzibe kingo zote kwa udongo. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30 acha wiki tatu. Ukifungua, harufu ya amonia ikuchome pua na mabua yawe yamegeuka rangi ya kahawia iliyoiva. Yaanike siku moja au mbili harufu ipungue ndipo uwape, ukianza kwa kuchanganya na mabua ya kawaida.

Ukiona ukungu mweupe ndani, hewa iliingia au urea haikufika sehemu hiyo. Toa fungu hilo lote. Usiitibu hivi hei nzuri ya kijani yenye sukari nyingi, na usiongeze molasi kabla ya kufunika: amonia ikikutana na sukari kwenye joto hutengeneza sumu inayowafanya ng'ombe wakimbie ovyo kama wamepagawa, na hupita kwenye maziwa hadi kwa ndama. Na wanyama wanaokula mabua yaliyotibiwa wasiwekewe tena mchanganyiko wenye urea.

Pumba na nafaka zina nafasi yake, baada ya protini kutoshelezwa. Kwa mnyama wa malisho, nafaka isizidi karibu asilimia 0.4 ya uzito wake: kilo 1.2 kwa ng'ombe wa kilo 300. Zaidi ya hapo wanga hushusha kazi ya bakteria wanaosaga nyasi, na unaanza kubadilisha nyasi za bure kwa nafaka ya kununua. Anza na robo ya kiasi, ongeza kwa siku kumi hadi kumi na nne. Kondoo dume na maksai wanaokula nafaka nyingi hupata mawe ya mkojo. Kalsiamu iwe mara mbili ya fosforasi kwenye chakula chao, na maji yasikosekane. Hao DCP nyingi haiwafai, chokaa ya mifugo ndiyo inayorekebisha uwiano.

Madini: usimpe kondoo ya ng'ombe

Hili nalisisitiza kwa sababu linaua kimyakimya. Kondoo huhifadhi madini ya shaba kwenye ini bila kuweza kuyatoa kwa urahisi. Mchanganyiko wa madini wa ng'ombe huwekwa shaba nyingi, na kondoo akilamba hori hilohilo hajambo leo, hajambo mwezi ujao. Ini hujaa. Kisha siku ya kusafirishwa, ya joto kali au ya njaa, ini huachia shaba yote kwenye damu kwa pamoja: macho na fizi huwa njano, mkojo huwa mwekundu mweusi, na ndani ya siku moja au mbili amekufa. Wenye kufuga vyote viwili kwenye malisho mamoja watumie madini ya kondoo kwa wote, na ng'ombe wakihitaji shaba wapewe peke yao. Samadi ya kuku inayolishwa ng'ombe kiangazi mahali pengine nayo huweza kuwa na shaba nyingi, na mahali ambapo sheria inakataza kuilisha, jambo limeisha.

Fosforasi inapungua kwenye nyasi kavu, na dalili yake maarufu ni ng'ombe kutafuna mifupa, mawe na mbao. Mifupa ya mizoga inabeba sumu ya botulizimu, inayopoozesha mnyama, kwa hiyo okota mizoga uichome au uizike. Unga wa mifupa umepigwa marufuku katika nchi nyingi kwa sababu ya ugonjwa wa ng'ombe wazimu. DCP inatosha na ni salama. Ila usitarajie fosforasi peke yake ifanye maajabu kiangazi. Mnyama asiyekua kwa kukosa protini haihitaji kwa wingi.

Vitamini A hutoka kwenye ukijani. Ini la mnyama mkubwa huweka akiba ya miezi mitatu hivi hadi sita, kwa hiyo kiangazi cha kawaida huvukwa bila shida. Kikirefuka, majike wenye mimba ndio huumia: ndama huzaliwa dhaifu au kipofu, kondo la nyuma hukwama, na ng'ombe hugongagonga vitu jioni. Mganda mmoja wa majani ya kijani mara kwa mara, au sindano ya vitamini A, D na E kwa dozi iliyo kwenye lebo, hutatua. Vitamini iliyowekwa kwenye chumvi hufa kwa jua na joto, kwa hiyo mfuko wa mwaka jana usiutegemee kwa hilo.

Nani apewe kwanza

Lishe ya ziada haigawanywi sawa. Mitamba wenye mimba ya kwanza, majike wanaonyonyesha na ndama walioachishwa karibuni watangulie. Ng'ombe mkavu, yaani asiyetoa maziwa, mwenye hali ya mwili 3 kwenye kipimo cha 1 (amekonda sana) hadi 5 (amenenepa sana) anaweza kusubiri. Akishuka chini ya 2, chakula cha kumrudisha ni kingi kuliko kile ambacho kingemzuia asishuke. Pale kiangazi kinapokuwa kikali, kumwachisha ndama akiwa na miezi minne na uzito wa karibu kilo 100, kisha kumlisha ndama huyo mwenyewe chakula kizuri, kunaokoa mwili wa mama kuliko kiasi chochote cha mashudu utakachomimina kwa mama anayeendelea kunyonyesha.

Kwa kondoo, wiki sita za mwisho za mimba ndizo nzito, kwani sehemu kubwa ya ukuaji wa mwanakondoo hutokea hapo huku tumbo la uzazi likibana rumeni. Mwenye mapacha aongezewe gramu 200 hadi 300 za pumba au nafaka kwa siku, pamoja na mashudu. Akibaki nyuma ya kundi, akakataa kula, akalala, na pumzi yake ikanuka utamu, mwili wake umeanza kujila. Mpe sukari au molasi iliyoyeyushwa kwa mdomo na mwite daktari siku hiyohiyo.

Nafasi kwenye hori huamua nani anashiba. Ng'ombe anahitaji sentimita 60 hadi 75 anapokula mashudu, kondoo 30 hadi 45. Zikipungua, wenye pembe na wakubwa hula mara mbili, na wale uliowanunulia chakula hicho husimama pembeni wakitazama.

Maji husahaulika kwenye orodha ya virutubisho, lakini bila maji hakuna kati ya hivi kitakachofanya kazi. Ng'ombe kwenye joto hunywa lita 40 hadi 60 kwa siku, anayenyonyesha zaidi; kondoo lita 4 hadi 8, na mwenye watoto hupita 10. Akinyweshwa siku moja moja hula kidogo, na mchanganyiko wenye chumvi humgeukia. Birika lioshwe mwani ukianza kuota, na liwe na kivuli. Chakula cha ziada kitolewe jioni jua likishapoa, kwa sababu usagaji wenyewe huzalisha joto mwilini, na usiku ndio wakati wa kulitoa.

Mvua zinapokaribia

Toa mchanganyiko wenye urea malishoni kabla mvua za kwanza hazijaanguka. Wiki mbili za mwanzo ndizo za kuangalia sana: wanyama huacha nyasi kavu na kukimbilia chipukizi ambazo ni maji matupu, wakaharisha na kupungua zaidi. Wape mabua au hei asubuhi kabla hawajatoka, kwa siku kumi hivi, na chanjo ya sumu ya utumbo kwa kondoo iwe imeshafanyika mapema. Baada ya hapo protini imo kwenye nyasi, wanyama wanakua kwa kasi, na fosforasi ndiyo inayobaki nyuma. Badilisha hori: chumvi na DCP nusu kwa nusu, ng'ombe gramu 50 hadi 100 kwa siku, kondoo gramu 10 hadi 15.